Joho la Kaizari

Kaizari wetu aliuawa akiwa amevaa vazi la kuamkia la mzee wa Kizungu. Lilikuwa zito, rangi ya damu ya mzee, limechujuka mabegani, na nililichambua mwenyewe sokoni Tunduma mwaka 1988 kutoka chini kabisa ya lundo la mitumba. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Mji ulikuwa bado katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe haukuzaliwa hadi mwaka 2016. Tulikuwa tukiandaa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuitoa mara ya kwanza mwaka 1963. Tulikuwa na nakala tatu za kitabu na hatukuwa na senti moja ya maleba.

Miaka michache kabla ya hapo tusingethubutu. Nguo zilikuwa adimu, watu wakipanga foleni dukani kwa kipande cha kaniki, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu aliyekutwa na mzigo wa kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa na mengi ya kueleza. Kisha mwaka 1984 serikali ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na marobota yakaanza kufunguliwa hadharani. Wenzetu wa Nakonde, hatua chache tu upande wa Zambia, wanaziita nguo hizo salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kupekuapekua. Kwetu zilikuwa na jina zito zaidi: kafa Ulaya. Iliaminika kuwa mwenyewe amekufa, ndiyo maana nguo imefika huku.

Basi tulipekua. Shuka zikawa mavazi ya waheshimiwa wa Roma. Zile za maua tuliziviringisha ili maua yabaki kwenye pindo tu. Baadhi zilikuwa na lastiki pembeni, jambo lililotushangaza sana, tukaichomoa na kufungia ndala ziwe viatu vya askari. Mikoba ya kike ya ngozi ilipasuliwa ikawa dirii. Fundi cherehani mmoja wa sokoni alitushonea jioni, malipo yake vifungo vyote tulivyokata.

Nasikia wasomi wakisema kuwa mitumba iliua viwanda vyetu, na sikatai kwamba ilividhoofisha. Lakini kucheza ndani ya nguo za wengine hatukufundishwa na mitumba. Wacheza beni wa pwani walivaa kijeshi tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na askari wakaieneza ngoma hiyo bara. Katika miji ya migodi ya Zambia wacheza kalela walinyoosha suruali na kung'arisha viatu, na mmoja wao alikuwa "daktari" mwenye vazi jeupe na msalaba mwekundu. Hata kitambaa chetu cha marekani kilipata jina hilo kwa sababu meli za Marekani zilikileta Unguja katika karne ya 19. Wakati huo walituletea kikiwa kipya.

Taabu yangu ilikuwa kwa mama wa kijana aliyecheza Kaizari. Baba wa kijana alikuwa amefariki mwaka uleule. Mama akaja shuleni, akasema kwa upole, "Mwalimu, mwanangu hatavaa nguo ya maiti, tena akalazwa chini kama maiti." Nikamwambia joho limeshonwa kwa kitambaa cha dukani. Nilikuwa kijana, onyesho lilikuwa Jumamosi, na uongo ulinitoka kirahisi kama salamu.

Ijumaa alikuja kutusaidia kupiga pindo. Hakuna aliyekuwa amegeuza kola. Yeye aliigeuza, akakuta utepe mweupe uliodariziwa jina la mwanamume kwa uzi mwekundu. Akanitazama. Nilingoja anitukane mbele ya wanafunzi, na ningestahili. Badala yake aliufumua ule utepe, mshono mmoja baada ya mwingine, bila kuukata, akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Kisha akaendelea kushona.

Jumamosi kijana alianguka vizuri. Antoni alipoliinua joho kuwaonyesha Warumi matundu ya visu, watu walinyamaza kimya, na mama yule alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika kichwa.

Wiki kadhaa baadaye nilikwenda kuomba radhi. Alinikaribisha uji. Nikamwuliza ule utepe uko wapi, akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba, penye migomba.

"Nimeuzika," alisema. "Naye alikuwa na mama, mwalimu."

Joho lenyewe tulilitumia tena mwaka uliofuata, katika mchezo mwingine, likiwa blanketi la mgonjwa.