Blenheim Juu ya Mau

Kwetu Kuresoi ndege husikika kabla ya kuonekana. Ukungu wa Mau hulalia mashamba ya viazi mpaka jua likolee, na mtoto apendaye ndege hujifunza kuzitambua kwa sikio: hii helikopta, ile ina injini mbili. Mapenzi hayo hayakunitoka. Ndiyo yaliyonifikisha, nikiwa mtu mzima, Hendon, kaskazini mwa London, kwenye makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza. Kuingia ni bure. Wageni wengi hukimbilia Spitfire. Mimi niliifuata Bristol Blenheim, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyozunguka anga ya Nakuru wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Ukiisogelea, kitu cha kwanza kukushangaza ni pua. Haina ulinganifu. Ni ndefu, ya vioo, na upande wa kushoto imebonyea kana kwamba fundi aliikosea. Hakukosea. Mwelekezi alihitaji nafasi ya kutandaza ramani zake mbele, basi pua ikarefushwa. Kisha rubani, aliyeketi kushoto, akawa hauoni uwanja anapotua, ikabidi kioo kishushwe upande wake. Nyuma yao, mgongoni mwa ndege, palikuwa na mtu wa tatu na bunduki yake. Ndani ni finyu sana. Vidhibiti vya kubadili pembe ya propela viliwekwa nyuma ya rubani, akawa anavitafuta kwa kupapasa huku macho yakiwa mbele. Nilisimama hapo kitambo nikimfikiria kijana anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza.

Asili yake haikuwa ya kivita. Lord Rothermere, mwenye gazeti la Daily Mail, alitaka ndege ya abiria iendayo kasi. Iliporuka mwaka 1935 iliziacha nyuma hata ndege za kivita za nchi yake, na jeshi likataka ya kwake ya kubeba mabomu. Lakini kasi ya mwaka 1935 haikutosha miaka mitano baadaye. Wajerumani waliziangusha Blenheim kwa wingi, na kila iliyoanguka ilidai watu watatu wapya.

Watu hao walipaswa kufundwa mahali. Mwishoni mwa 1940 kikaundwa Kitengo cha Mafunzo namba 70 huko Ismailia, Misri, kando ya Mfereji wa Suez. Mwaka 1941 kikahamishiwa Nakuru, mbali na mapigano, na kikakaa mpaka 1943 kiliporudishwa Misri. Vijana waliofika walikuwa wanajua kurusha ndege tayari. Walichofundishwa Bonde la Ufa ni kuwa kikosi: rubani, mwelekezi na mpiga bunduki kuaminiana ndani ya ndege moja kabla ya kupelekwa vitani.

Bonde lenyewe lilikuwa mwalimu mkali. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Bawa na propela hukosa cha kushikilia. Huko Nakuru ndege iliyozoea viwanja vya pwani hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na hutua kwa kasi kubwa zaidi. Na ikishainuka, ardhi nayo inapanda: kaskazini Menengai, magharibi Mau, ambako mashamba yetu yapo zaidi ya mita 2,400. Mwanafunzi aliyeelekea huku chini ya mawingu aliiona dunia ikimjia.

Miteremko hiyohiyo ilikuwa na vita yake nyingine, ya maua. Kabla ya vita Japani ndiyo iliyoongoza duniani kwa pareto, ua la dawa ya kuua wadudu. Vita vilipoifunga njia ya Japani, Washirika waliigeukia Kenya, na nyanda za juu zinazozunguka Nakuru zikavaa maua meupe. Wamarekani wawili, Lyle Goodhue na William Sullivan, walichanganya dawa ya pareto na mafuta ya ufuta ndani ya kopo lenye gesi, wakapata dawa ya kupuliza kwa kubonyeza tu. Askari waliipuliza ndani ya mahema na ndani ya ndege, mbu asisafirishe malaria. Najua harufu ya pareto inayokaushwa. Imekaa kwenye nguo za utoto wangu. Katika ukumbi ule wa Hendon hakuna ua hata moja, na naona lingestahili kuwapo.

Blenheim iliyoko Hendon iliundwa Kanada, kwa jina la Bolingbroke. Nyingi zilizosalia leo ni za huko, kwa sababu baada ya vita wakulima walizinunua kama vyuma chakavu, wakang'oa magurudumu, nyaya na matangi, wakayaacha mabaki nyuma ya maghala. Miaka ikapita, wapenzi wa ndege wakaja kuyaokota.

Niliporudi nyumbani nilishuka Nakuru nikaenda kwenye makaburi ya vita. Nyasi zilikuwa zimekatwa asubuhi ile. Mtunzaji aliacha toroli yake, akaniuliza kama nina ndugu humo. Nikamwambia sina, nawatafuta wanahewa. "Njoo," akasema, "wao utawajua kwa tai." Akapita safu ya kwanza, akainama, akapangusa jiwe kwa kiganja. Chini ya taji kulikuwa na tai, mabawa wazi, na chini yake jina.