Tintoretto na maji ya Venezia

Mara nyingi twadhani kwamba picha kubwa za Kanisa ziliagizwa na mapapa na maaskofu peke yao. Maisha ya Jacopo Robusti yatuonyesha jambo jingine. Baba yake alikuwa mtia rangi nguo, ndiyo sababu mwana aliitwa Tintoretto, yaani mtia rangi mdogo. Alizaliwa Venezia, akafanya kazi humo karibu siku zake zote, akafa humo mwaka 1594.

Mji ule umesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa katika matope ya wangwa. Hewa yake ya chumvi huharibu picha zilizochorwa juu ya lipu, hivyo wachoraji walizoea kutumia turubai. Na ajabu ni hii: mji uliozungukwa na maji ulikosa maji ya kunywa! Wakaaji walikinga mvua katika visima vyenye mchanga wa kuichuja, na mashua zilileta maji ya mto Brenta. Ninyi mnaopanda mlima na bidoni kichwani mtalielewa jambo hili upesi kuliko wataalamu.

Mwaka 1564 chama cha walei cha Mtakatifu Roko, msimamizi wa wagonjwa wa tauni, kilitafuta mchoraji wa dari lake. Wengine walitayarisha vielelezo. Tintoretto akapachika picha iliyokwisha kamilika, akaitoa kama zawadi. Wenzake walikasirika, nasi hatuwalaumu. Mwaka uliofuata alipokelewa kuwa mwanachama.

Kisha tauni ikaja, kati ya 1575 na 1577, ikaua zaidi ya robo ya wakaaji. Katika miaka hiyo hiyo alichora dari la ukumbi wa juu: nyoka wa shaba aponyaye, mana ishibishayo, na Musa akiupiga mwamba. Hapo maji yaruka kwa nguvu, na watu wainua vyombo vyao kuyakinga. Wanachama, ambao kazi yao ilikuwa kuwasaidia maskini na wagonjwa, waliijua kiu ile. Haikuwa habari ya jangwa la mbali.

Mwishoni mwa 1577 aliahidi kutoa picha tatu kila mwaka kwa sikukuu ya Mtakatifu Roko, tarehe 16 Agosti, akiomba dukati 100 kwa mwaka hadi kufa kwake. Chama kilikubali.