Nani Aliingia Ukumbini? Maandalizi ya Makongamano ya Kitaaluma Dar es Salaam tangu 1965

Historia ya taaluma nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata vitabu na watunzi wake kuliko kwa kufuata mikutano ambamo hoja za vitabu hivyo zilijadiliwa kwanza. Upungufu huo una sababu yake. Kitabu hubaki kwenye rafu ya maktaba; mkutano huisha, viti hurudishwa stoo, na faili la kamati ya maandalizi hupotea siku katibu anapohama ofisi. Insha hii inauliza ni nani alialikwa, majadiliano yalifanyika kwa lugha gani, nani alilipiwa nauli, na nini kilipigwa chapa baadaye. Inajengwa hoja kwamba maamuzi hayo, ambayo wengi huyaona kuwa kazi ya ukarani tu, ndiyo yaliyoamua maarifa ya nani yahesabiwe kuwa utafiti.

Mfano ulio wazi zaidi ni Kongamano la Kimataifa la Wanahistoria wa Afrika, lililofanyika Oktoba 1965 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Chuo kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Wageni wa 1965 walipokelewa, basi, na chuo ambacho chenyewe kilikuwa bado kinafungua masanduku. Idara ya Historia iliongozwa na Terence Ranger, aliyefika nchini baada ya kufukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963. Miongoni mwa waliotoa makala walikuwamo J. F. Ade Ajayi wa Nigeria na A. B. Davidson wa Umoja wa Kisovieti. Katika miaka ile ya uhasama wa mataifa makubwa, kuwakalisha wasomi wa pande hizo katika mjadala mmoja kulikuwa kazi nzito kabla hata mada ya kwanza haijasomwa.

Makala zilihaririwa na Ranger, zikachapishwa Nairobi mwaka 1968 na East African Publishing House. Ilichukua miaka mitatu. Inafaa kuitaja subira hiyo, kwa kuwa kitabu kile ndicho kilichoufanya mkutano uendelee kuishi. Mwaka 1970, Donald Denoon na Adam Kuper walipoikosoa vikali ile iliyoitwa historia mpya ya Dar es Salaam, walikuwa wanakosoa kundi la watafiti ambalo tayari lilikuwa na sura na sauti mbele ya ulimwengu. Ranger aliwajibu mwaka uliofuata. Mkutano usio na kumbukumbu zilizochapwa haupati hata wapinzani.

Hata hivyo, kitabu hicho ni cha Kiingereza. Wakati huohuo idara ilikuwa inaelekea kwenye masimulizi ya wazee kama chanzo halali cha historia, na kuanzia mwaka 1968 wanafunzi wake walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji. Hapa ndipo penye mgongano ambao, kwa maoni ya mtafiti, haujatazamwa ipasavyo. Mzee aliyesimulia alikuwa chanzo cha maarifa, lakini hakuwa mshiriki wa majadiliano. Maneno yake yaliingia ukumbini. Yeye alibaki kijijini.

Si lazima kwenda kusini mwa nchi kuuona mgongano huo. Kutoka Mlimani, ukishika Barabara ya Morogoro kuelekea mjini, unafika Manzese kabla ya Magomeni. Baada ya serikali kuacha mwaka 1972 sera ya kubomoa makazi yasiyopangwa, na mradi wa viwanja na huduma kuanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese iliingizwa katika mpango wa kuboreshwa, ilhali Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja vipya. Tangu hapo Manzese imekuwa mada ya kudumu katika tafiti za miji: barabara zake, vyoo vyake, mifereji yake. Majengo ya Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, yako Kijitonyama, na kituo cha daladala cha jirani kinaitwa Sayansi. Kondakta hulitamka neno hilo mara nyingi kwa siku kuliko profesa yeyote.

Njia nyingine ilikwisha kujaribiwa. Semina ya Kimataifa ya Waandishi wa Kiswahili, ambayo makala zake zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1983, iligusa lugha, fasihi, uandishi na uchapishaji. Kwa kuchagua Kiswahili na kuzungumzia uchapishaji pamoja na nadharia, waandalizi waliufungua mlango kwa watu ambao ujuzi wao haukutokana na shahada.

Mtafiti amewahi kuwa katibu wa kongamano dogo la wanafunzi wa uzamili kuhusu historia ya makazi jijini. Bajeti tuliyoiandaa ilikuwa na kifungu cha chai na vitafunwa, cha mabango, cha vitambulisho vya kuvaa shingoni na cha posho ya mgeni rasmi. Haikuwa na kifungu cha nauli kwa wazee wa Manzese, ambao watatu kati ya watoa mada walikuwa wamewahoji. Kosa lilikuwa letu. Mmoja alikuja hata hivyo, kwa mwendokasi hadi Ubungo, kisha kwa daladala. Mada ilipomalizika alinyoosha mkono, akarekebisha mwaka ambao mtaa wao ulipata bomba la kwanza la maji, kisha akauliza makala ile angeipata wapi. Mwenyekiti alisema itawekwa mtandaoni.

Karatasi ya mahudhurio ya siku ile ingali kwenye faili la mtafiti. Ina safu tatu: jina, taasisi, saini. Mzee aliandika jina lake na kutia saini, akaiacha safu ya katikati wazi. Binti aliyekuwa mezani, akiogopa kuulizwa na mhasibu, aliijaza kwa mwandiko wake: Manzese.