Bonaire: Kisiwa Kilichoitwa Hakina Faida

Mwaka 1513 watawala wa Kihispania waliviandika Aruba, Bonaire na Curaçao kuwa visiwa visivyo na faida, kwa kuwa havikuwa na dhahabu. Muda si mrefu wenyeji wa Bonaire, Wakaketio, wakakamatwa na kupelekwa Hispaniola kufanyishwa kazi za shuruti. Leo watalii hurudi tena na tena katika kisiwa hikihiki, karibu na pwani ya Venezuela, kununua vitu, kuogelea kwenye matumbawe na kutazama ndege. Nami ni mmoja wao, na kila nirudipo naona kwamba raha hizo zote zimesimama juu ya historia ya chumvi.

Waholanzi walikiteka kisiwa mwaka 1636. Walihitaji chumvi ya kuhifadhia samaki, na kusini mwa Bonaire kuna kila kinachotakiwa: ardhi tambarare, jua kali, mvua haba na upepo usiokoma. Waliovuna walikuwa watumwa wenye asili ya Afrika, kwanza wakiwa mali ya kampuni ya biashara ya Kiholanzi, baadaye mali ya serikali yenyewe.

Vibanda vyao bado vipo Witte Pan, kando ya bahari. Vilijengwa kwa mawe yapata mwaka 1850, na ni vifupi mno; mtu mzima huingia kwa kuinama, na akishaingia hawezi kusimama wima. Familia zao ziliishi Rincon, upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Karibu na vibanda hivyo kuna mnara wa mawe, alama ya kuonyesha meli mahali pa kupakia chumvi.

Utumwa ulikomeshwa tarehe 1 Julai 1863. Ilipobidi wafanyakazi walipwe, biashara ya chumvi ikadorora, ikafufuka kwa mitambo miaka ya 1960. Safari hii sehemu ya mabwawa ya chumvi, Pekelmeer, ilitengwa kwa ajili ya heroe, maana ni mojawapo ya mahali pachache katika Karibi wanapotaga. Hairuhusiwi kuingia humo, kwa hiyo unasimama barabarani na darubini. Wanachokula ni vidudu vidogo vya maji ya chumvi, na rangi yao nyekundu hutokana na chakula hicho.

Kaskazini, shamba la zamani lililotoa mkaa, mishubiri na mbuzi liligeuzwa hifadhi ya Washington mwaka 1969. Asubuhi na mapema ndiyo saa ya kumtafuta lora, kasuku wa kijani mwenye manjano kichwani na mabegani.

Baharini nako watu waliamua mapema. Kuvua samaki kwa mkuki kulipigwa marufuku mwaka 1971, na mwaka 1979 bahari yote inayokizunguka kisiwa ikawa hifadhi. Ndiyo maana mwogeleaji mwenye miwani na mrija huyafikia matumbawe hatua chache tu kutoka ufukweni, akawasikia pono wakiyatafuna. Hata hivyo, joto la bahari na maradhi ya matumbawe yaliyofika mwaka 2023 yameyajeruhi, na ada anayolipa mgeni husaidia kuyalinda.

Kwa ununuzi, maduka mengi yako Kaya Grandi, mtaa mkuu wa mji wa Kralendijk. Mimi hupenda kununua chumvi ya hapohapo, na Rincon hununua kileo kinachotengenezwa kwa kaktasi ya kadushi. Fedha ikiishia Rincon inafika katika mji uliowalea wavunaji wa chumvi na ambamo wazao wao wangali wanaishi.

Kisiwa hiki kilikuwa na thamani tangu mwanzo. Waliokidharau walikuwa wakitafuta dhahabu tu. Ratiba ya mgeni isiyopita Witte Pan na Rincon imemnyima nusu ya Bonaire, nayo ndiyo nusu inayoeleza ile nyingine.