Programu huria: leseni gani inakulazimisha kuonyesha, na gani inakuachilia?

Vijana wengi wa Goma, Bukavu ao Bunia wenye kusoma informatiki wanachukua programu za bure kwenye intaneti, wanaongeza zao, kisha wanauzia maduka, farmasi na mashule. Inaruhusiwa. Lakini bure haimaanishe bila masharti. Masharti yanaandikwa ndani ya leseni, na wengi hawaisome.

Programu huria ni nini?

Kila programu inatokana na maandishi ya fundi ambayo kompyuta inafuata. Programu ikiwa huria, maandishi hayo yanaonekana, na kila mtu ana ruhusa ya kuyatumia, kuyabadilisha na kuyauza. Leseni njo inasema kwa masharti gani. Ziko aina mbili kubwa.

Leseni za kopilefti

Inayojulikana zaidi ni GPL, ambayo Mmarekani Richard Stallman aliitoa mwaka 1989. Inasema hivi: ukimpa ao ukimuuzia mtu programu uliyojenga juu ya hii, umpe pia haki ya kupata maandishi yake, chini ya leseni ile ile. Haukatazwe kuuza; unakatazwa kuficha. Linux iko na GPL. Audacity, ambayo watu wa redio wanatumia kwa kukata sauti, vilevile.

Leseni za kuachilia

Hizi ni kama MIT, BSD na Apache. Zinaomba kidogo tu: usiondoe jina la mwandishi na maneno ya leseni. Kisha unaweza kufunga maandishi yako. Sony ilijenga PlayStation 4 juu ya FreeBSD bila kulazimishwa kuonyesha kazi yake. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, ambayo zoni zetu za afya zinatumia kwa ripoti, iko pia na leseni ya BSD.

Kampuni ikivunja masharti?

Mwaka 2003, mafundi waligundua kwamba WRT54G, kifaa cha kugawa intaneti cha Linksys, kampuni ambayo Cisco ilinunua mwaka huo huo, kilikuwa na Linux ndani, lakini maandishi hayakutolewa. Wakalalamika, kampuni ikayatoa. Pale njo OpenWrt ilizaliwa, programu ambayo hata leo inaendesha vifaa vya namna hiyo. Malalamiko juu ya vifaa vingine yakaendelea. Mwezi wa 12 mwaka 2008, Free Software Foundation, shirika la Stallman, lilishtaki Cisco. Mwezi wa 5 mwaka 2009 wakapatana: Cisco ilikubali kuweka mtu wa kuangalia leseni, na ikalipa shirika hilo feza.

Na fundi wa hapa kwetu?

Tuseme umeuzia farmasi programu yenye kipande cha GPL. Farmasi ile inaweza kukuomba maandishi yote, na kuyapa fundi mwingine. Kwako ni mshindani. Kwa farmasi ni usalama: siku ukihama muji, kazi yao haisimame.

Kama programu inabaki kwenye seva yako na wateja wanaifikia kwa intaneti tu, GPL haikulazimishe kitu. Lakini AGPL, ya mwaka 2007, inakulazimisha.

Kwa hiyo, mbele ya kuandika mustari wa kwanza, fungua faili inayoitwa LICENSE na uisome. Na wewe mnunuzi, mbele ya kulipa, uliza: maandishi yatabakia kwa nani?