Magoti na mabaka: ugonjwa mmoja uliogawanywa sehemu mbili

Kekopey, kando ya Ziwa Elementaita, maji ya moto huchimbuka ardhini na watu huja kuyaoga. Wengine huja kustarehe tu, wengine wamefuata nafuu ya magoti au ya ngozi. Maji ya uvuguvugu hulegeza kiungo kilichokaza, hilo halina ubishi. Ila hayazuii kiungo kuharibika, wala hayamwambii muogaji kwamba maumivu ya goti na mabaka ya kiwiko huenda ni ugonjwa mmoja.

Hata madaktari walichelewa kulijua hilo. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka hayo, ilichanganywa na ukoma kwa karne nyingi, hadi Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoitenga mwaka 1841. Jean-Louis Alibert wa Paris alikuwa ameshaona, mwaka 1818, kwamba baadhi ya wenye ngozi hiyo huumwa pia viungo. Hakusikilizwa sana. Kwa zaidi ya miaka 100 wengi walishikilia kwamba ni baridi yabisi ya kawaida iliyomkuta mtu mwenye soriasisi.

Damu ndiyo iliyoamua. Mwaka 1940 Erik Waaler wa Norwei alieleza kingamwili inayopatikana kwa wagonjwa wengi wa baridi yabisi. Wenye soriasisi walioumwa viungo, wengi hawakuwa nayo. Mwaka 1964 wataalamu wa Marekani wakaupa ugonjwa huu wa ngozi na viungo nafasi yake, na mwaka 1973 Moll na Wright wa Leeds wakachambua sura zake tano.

Afrika ilibaki nje ya hadithi. Iliaminika kwamba Mwafrika ni nadra kuupata, mpaka UKIMWI ulipokuja. Utafiti wa Lusaka, Zambia, uliochapishwa mwaka 2000, ulihusu wagonjwa 28 wa ugonjwa huu. 27 kati yao walikuwa na VVU. Virusi hivyo vinajulikana kuichochea soriasisi, na ndiyo sababu kupima VVU ni jambo la busara.

Kuna kichocheo kingine ambacho Bonde la Ufa lilikimeza kwa miaka: klorokwini. Ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Kenya hadi mwaka 1998, na inaweza kuamsha mabaka yaliyotulia.

Tiba nayo ilianzia kwenye viungo. Mwaka 1951, Richard Gubner wa New York aliwapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa ya aminopterini, akaona soriasisi ya mmoja wao ikisafika. Binamu wa dawa hiyo, methotreksati, bado inatumika leo. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na mjamzito hapewi.

Kwa hiyo ukienda hospitali Nakuru, Molo au Naivasha kwa sababu ya goti au kidole kilichovimba chote, mwonyeshe daktari pia kichwa, viwiko na kucha zenye vitundu. Asipouliza, mwambie wewe.