Mlolongo wa 1988: mstari mrefu ulivyoshindwa na mfupi

Kila tukikaribia uchaguzi, hakosi mtu hapa wa kusema: "Turudishe kura ya mlolongo, hakuna wizi, kila mtu anaona." Ukisikia hivyo, jua huyo ama hakuwa amezaliwa 1988 ama amesahau. Hebu fuateni huu uzi.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu 1982 sheria iliruhusu chama kimoja tu nchini. Ukitaka ubunge, unapitia humo. Kisha ikaamuliwa mchujo wa chama ufanywe kwa foleni: unasimama uwanjani nyuma ya mgombea wako, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake, mnahesabiwa vichwa, basi. Februari 1988 nchi ikapanga mstari.

Ukiangalia haraka haraka, wazo lina utamu wake. Hakuna sanduku la kujazwa usiku, hakuna kura kuharibika, na asiyejua kusoma hahitaji kusaidiwa. Hata mtoto aliyepanda mti anaona mstari upi ni mrefu.

Shida ni kwamba anayetangaza si huyo mtoto. Ni afisa. Malalamiko yalitoka sehemu nyingi kwamba mstari mfupi ulitangazwa mshindi, watu wakiwa wamesimama pale pale wanaangalia. Sasa utapinga ukitumia nini? Jioni mstari umevunjika, kila mtu amerudi kwake kupika. Hakuna karatasi ya kuhesabu upya. Watu elfu moja waliona, lakini hakuna hata mmoja aliyebaki na kitu mkononi.

Halafu kulikuwa na ile sheria ya asilimia 70, ambayo wengi hawaijui. Ukipata 70 au zaidi kwenye foleni, umepita bila kupingwa, na eneo lako halikupigia kiti hicho kura ya siri mwezi wa Machi. Tena ni 70 ya waliopanga foleni, si ya wote waliojiandikisha. Na foleni ilikuwa ya wanachama pekee.

Na woga je? Mwalimu anasimama mbele ya chifu. Mwenye duka anasimama mbele ya wateja wake. Mama anasimama nyuma ya mtu ambaye mumewe hataki kumsikia, kisha warudi nyumba moja. Viongozi kadhaa wa makanisa waliupinga mlolongo mapema, wakakemewa.

Lakini manung'uniko hayakuisha. 1990 kamati ya chama chenyewe ilizunguka nchini kukusanya maoni, na Desemba mwaka huo mlolongo na ile 70 vikatupwa. Mwaka mmoja baadaye vyama vingi vikaruhusiwa.

Msishangilie bado. 1992 tulipiga kura ya siri, na mshindi wa urais akapata kama asilimia 36. Karibu wapiga kura wawili kwa kila watatu walitaka mtu mwingine, na ilikuwa halali kabisa! Sharti la zaidi ya nusu ya kura lilingoja Katiba ya 2010. Na 2007 kura ilikuwa ya siri, karatasi zilikuwepo, ila tume ya Kriegler ilikuta hesabu imeharibika kiasi cha kutojulikana nani alishinda. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Kumbe hata karatasi peke yake haitoshi.

Ndiyo maana Kifungu cha 86 cha Katiba kinataka kura zihesabiwe na kutangazwa kituoni, kwa njia inayoweza kuthibitishwa. Ile Fomu 34A mnayopiga picha ikiwa imebandikwa kituoni inatokana na uchungu huo. 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais, majaji 4 kwa 2. Kulikuwa na fomu za kukagua, na tume haikufungua mitambo yake jinsi ilivyoagizwa. Jaribu kukagua foleni iliyoenda nyumbani. 2022 fomu ziliwekwa mtandaoni, kila mwenye simu akajijumlishia, na bado makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo. Hatujafika.

Kama una mzazi au shangazi aliyepanga foleni 1988, mpigie leo. Muulize alisimama nyuma ya nani, kwa nini, na kama ndiye aliyetangazwa. Leteni majibu hapa chini, bila kutaja majina.